Piko ya Hawe Kahonzi

Je, wewe unayesoma haya, ungemkata bibi yako kwa panga kwa sababu nywele zake zimekuwa nyeupe?

Usiharakishe kusema la. Kwetu, ndani ya Tezo, ukiacha lami ukaingia kwenye minazi na mikorosho, kila mtu husema la. Waliomkata Mzee Gona katika shamba lake la mihogo walisema la. Mmoja wao alibeba jeneza, akalia mpaka akashikwa mabega na kupewa maji. Kijiji kizima kinamjua. Mpaka leo hucheza bao pale dukani, na watu humpisha kiti.

Mzee Gona hakuwa na hatia ila kichwa cheupe na macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni. Kwetu hiyo inatosha. Mtu akizeeka, na ana shamba ambalo vijana wameshaligawa vichwani mwao, linabaki neno moja tu la kumaliza kazi: mutsai. Ndivyo Kigiriama kinavyomwita mchawi. Likishatamkwa, hakuna anayeuliza ushahidi. Watu wanaodai risiti wakinunua kilo ya sukari hawaoni aibu kumhukumu mzee kwa rangi ya nywele.

Baada ya mazishi sikumsikia mtu akiuliza panga lilitoka nyumba gani. Nilichoona ni wazee wakitafuta piko.

Piko ni ile rangi nyeusi ya unga ambayo watu wa mji humchora nayo bi harusi mikononi na miguuni, maua na majani mpaka magotini. Kwetu imekuwa kinga ya roho. Ungefika matangani kwetu mwaka ule ungewaona wazee wamepangwa kwenye mikeka, nyuso zimekunjamana kama ngozi ya papai kuukuu, na juu ya kila uso nywele nyeusi tititi za kijana wa kidato cha nne. Hakuna aliyecheka. Mheshimiwa mmoja aliyekuwa akitafuta kura aliona fursa. Aligawa pakiti za piko pamoja na unga wa ugali, akasimama juu ya gari akasema anawajali wazee. Akapigiwa makofi. Wasomi wetu hawakubaki nyuma. Mwalimu mmoja mwenye shahada humpelekea babake piko kila mwisho wa mwezi, na hulisema jambo hilo kwa fahari, kama mtu anayemlipia mzazi wake bima. Haikumpitikia kwamba angeweza kusimama mbele ya wanafunzi wake akawaambia kuua wazee ni dhambi.

Hicho ndicho kijiji alichozeekea Kahonzi, mjane wa Tsuma, ambaye nataka umjue.

Tulimwita hawe, yaani bibi, hata sisi tusio wa damu yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye vidole vigumu, kwa sababu maisha yake yote alisuka makuti. Mahoteli ya Malindi yamekaa chini ya kazi ya mikono yake, na watalii wameyapiga picha mapaa hayo bila kujua kwamba yupo mtu anaitwa Kahonzi. Mumewe alikuwa mgema. Alianguka kutoka kwenye mnazi akafa kabla ya kuzeeka. Watoto wake wawili aliwazika, na binti aliyebaki ameolewa Mombasa. Hawe hakuwa mtu wa kujihurumia. Alikuwa na ulimi. Ndiye aliyempachika chifu mstaafu jina la Redio, kwa sababu mzee huyo alizungumza bila kusikiliza, na jina likamganda mpaka wajukuu wake wakaitwa watoto wa Redio.

Lakini baada ya Gona kuuawa, hata yeye alianza kupaka. Hakununua kijijini. Alikwenda mpaka mji wa kale wa Malindi, kwenye duka la Bwana Rashad, ambako hakuna aliyemjua. Alinisimulia mwenyewe jinsi Bwana Rashad alivyomwamkia shikamoo kwa adabu, akampa kigoda, kisha akamuuliza, "Bibi, harusi ya nani mwezi huu?"

"Yangu," Hawe alimjibu.

"Mashallah. Na bwana harusi ni nani?"

"Bado hajasema jina. Lakini ananitaka sana, kila siku anapita karibu na nyumba."

Rashad alicheka, akamfungia pakiti zake. Hakujua kwamba bibi huyo alikuwa anazungumza juu ya kifo.

Kwa muda piko ilimficha. Kisha ikaanza kumla. Kichwa kilimwasha, kikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka yakawa vidonda. Kope zilivimba asubuhi hata akashindwa kuona kuti alilolishika mkononi. Alikwenda zahanati, na muuguzi akamwambia wazi kwamba rangi hiyo ni sumu kwake, aache mara moja. Hawe akamjibu kwamba akiacha atakufa. Muuguzi, ambaye alitoka bara na hakuzijua sheria zetu, akadhani bibi anatia chumvi. Akampa mafuta ya kupaka. Hawe alipaka mafuta siku ya Jumatano, na Jumamosi akapaka piko juu ya mafuta.

Nenda kamwambie mtu wa nchi nyingine hadithi hiyo uone kama ataiamini. Mwanamke mzima anajichoma kichwa kwa mikono yake ili majirani zake wasimchinje, na majirani hao hao wanamsalimia kila asubuhi na kumuuliza mbona macho yamevimba.

Sasa mjue Kazungu. Ni mjukuu wa kaka yake marehemu Tsuma, kijana wa bodaboda, mwenye miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Uwanja wake unapakana na wa Hawe. Yeye na mkewe, Kache, walikuwa na mtoto wa kwanza, mvulana, ambaye alipata homa. Kazungu alimpeleka kwa mganga akafungwa hirizi. Homa ikapanda. Alimrudisha kwa mganga yule yule akafungwa hirizi ya pili. Walipomfikisha hospitali mtoto alikuwa ameshalegea, na hakutoka hai. Sikatai kwamba Kazungu alifiwa. Nilimwona kaburini na sikupenda nilichokiona. Lakini mtu aliyefiwa ana njia mbili. Anaweza kujiuliza, "Kwa nini nilichelewa?" Au anaweza kumtafuta bibi mzee. Kazungu alichagua njia rahisi, na njia hiyo, kwa bahati, ilipita katikati ya minazi ya Tsuma.

Siku ya matanga ya mtoto, Hawe alikwenda kuomboleza kama jirani na kama ndugu. Alikuwa amejifunga leso kichwani. Kazungu alimwendea mbele ya watu wote, akaivuta leso hiyo ikaanguka, akiwa amejiandaa kuona nywele nyeupe ili apate la kusema. Nywele zilikuwa nyeusi. Ila chini yake kichwa kizima kilikuwa vidonda, usaha na damu iliyokauka, na watu wakarudi nyuma kama waliofunuliwa kaburi.

"Uchawi wake umemrudi," alisema mtu mmoja nyuma, na neno likazunguka mikeka yote kabla ya chai kumiminwa.

Rangi aliyoipaka asiitwe mchawi ndiyo iliyomfanya aitwe mchawi. Wala usidhani kuna aliyeinama kumwokotea leso. Aliiokota mwenyewe.

Tangu siku hiyo Hawe alianza kutafuta uponyaji kama mtu anayezama. Mganga mmoja wa huku kwetu alimwambia ana pepo wa Kiarabu, mwingine akasema ni mzimu wa mumewe. Mwisho, jirani alimwambia kwamba Malindi kuna hema kubwa, na ndani yake nabii ambaye akimgusa mtu tu, huyo mtu huanguka. Hawe alikwenda.

Jina la nabii huyo silitaji. Nisingependa kumtangaza bure. Alikuwa na suti nyeupe, vipaza sauti vinavyoweza kuangusha nazi, na vijana wanne wa kushika simu juu kurekodi miujiza. Hawe alipanda jukwaani akitaka jambo moja, kichwa kiache kumuuma. Nabii hakuuliza kinamuuma tangu lini. Alimvua leso, akaviona vidonda, akaona sadaka ya mwezi mzima.

"Mama," alinguruma, "hii ni alama. Wewe ni mchawi. Kiri, upone."

Hawe alisema hapana. Nabii akamshika kichwa, pale pale penye vidonda, akaminya. Umati ulikuwa unaimba. Akamuuliza mara ya pili, akaminya tena. Mara ya tatu Hawe alisema, "Ndiyo." Alisema ndiyo ili mkono utoke kichwani mwake. Akaulizwa ameua wangapi. Hakujibu, na nabii akamjibia. Watu wakalia kwa furaha, ngoma zikapigwa, na Hawe akatolewa kwa mlango wa nyuma kwa sababu mgonjwa mwingine alikuwa anasubiri muujiza wake. Vidonda vilikuwa vinatoka damu.

Nimemaliza chuo, nimesoma vitabu vya wasioamini, na hakuna hata kimoja kilichomtukana Kristo kama hema lile. Mimi ni Mkristo. Kwa hiyo nasema bila kupepesa macho: mtu anayemlazimisha bibi mgonjwa ajiite mchawi ili kipindi chake kipendeze ni ndugu pacha wa mtu mwenye panga. Tofauti yao ni suti.

Kabla Hawe hajafika nyumbani, picha zilikuwa zimeshafika. Kazungu alizipata katika simu yake akiwa kituo cha bodaboda, akawaonyesha wenzake, wakazituma kwa wenzao. Sauti ya Hawe ikisema "Ndiyo" ilichezwa dukani, kisimani, na kwenye foleni ya posho.

Aliyemkuta njiani jioni hiyo alikuwa Everlyne, fundi wa cherehani na mama wa kanisa letu dogo. Hawe alikuwa ameketi kwenye jiwe kando ya barabara, hakutaka kuingia kijijini. Everlyne hakumwombea kwa sauti wala hakumuuliza kama ni kweli. Alimpeleka kwake, akachemsha maji, akayaacha yapoe, akamwosha kichwa taratibu kwa kitambaa cha pamba. Hawe aliniambia baadaye kwamba katika mwaka ule wote, hiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu kumgusa kichwa bila kutafuta kitu.

Jumapili iliyofuata alikuja kanisani. Kanisa letu halina vipaza sauti. Lina kuta za udongo na paa la makuti, na makuti hayo aliyasuka Hawe mwenyewe miaka mingi iliyopita, akayauza, akaenda zake, asiingie kamwe. Alipoingia alitazama juu kwanza. Alimnong'oneza Everlyne kwamba upande wa mashariki umeanza kuoza na kwamba hawa watu wa Mungu hawajui kutunza vitu.

Alikuja kwa wiki nyingi, akikaa nyuma kabisa. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza kesi ya jirani. Kisha ikafika ile Jumapili ambayo Mchungaji Mwaro, ambaye siku za kazi ni seremala, alieleza jinsi Yesu alivyowatoa watu pepo, na wakubwa wa dini wakasema anafanya hivyo kwa nguvu za mkuu wa pepo. Mwaro alitaka kuendelea mbele. Hawe akainua mkono.

"Mchungaji, simama hapo hapo. Walimwambia yeye ni mutsai?"

Mwaro alisita. Nadhani hakuwahi kuliweka jambo hilo kwa neno hilo, na neno hilo kanisani ni kama kutupa nyoka kwenye mkeka. Watu waligeuka kumtazama Hawe, kisha wakamtazama mchungaji.

"Ndiyo, hawe," alisema. "Walimwambia hivyo."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu."

"Na nduguze walisemaje?"

"Nduguze walikwenda kumchukua. Walisema amerukwa na akili."

Hawe alishusha mkono. "Basi huyu ananijua," alisema. "Endelea."

Kwake yeye, ibada ya wokovu ilikuwa hiyo. Hakuanguka chini. Hakulia. Wanaotaka mapovu mdomoni wakayatafute hemani. Lakini siku ya Jumatatu alikwenda kwa Everlyne akamwambia anyoe nywele zote.

Hapo lazima nieleze jambo. Kwetu mwanamke hanyolewi kichwa kitupu hivi hivi. Hunyolewa akifiwa, matanga yakiisha. Kwa hiyo Hawe alipotoka kwa Everlyne kichwa kikiwa wazi, kila aliyekutana naye alimpa pole, kisha akauliza ni nani aliyefariki.

"Amekufa mama mmoja aliyekuwa akipaka piko," alijibu. "Hata sikumjua vizuri."

Zile pakiti zilizobaki alizimwaga chooni. Alianza kupaka mafuta ya muuguzi bila kuyafunika kwa sumu. Everlyne alimwombea kila jioni, na nilikuwepo mara kadhaa. Yalikuwa maombi mafupi, ya watu waliochoka na kazi. Vidonda vilikauka. Uvimbe wa kope ukashuka. Akaanza kulala usingizi mzima, jambo ambalo alikuwa amelisahau. Na juu ya ngozi mpya nywele zikaota, laini kama usufi, nyeupe pe, hata moja haikuwa na rangi.

Kuna rafiki yangu wa chuoni, mjuaji, aliyecheka niliposema Mungu alimponya. Alisema ni kuacha kemikali tu. Nilimuuliza, muuguzi alimwambia aache lini? Kitambo. Dawa aliijua, mafuta alikuwa nayo, na bado aliendelea kuoza kwa sababu aliwaogopa watu kuliko alivyouogopa usaha. Aliyemwondolea hofu hiyo hakuwa muuguzi, na kwa hakika hakuwa rafiki yangu mjuaji. Uovu uliokuwa umemfunga Hawe ulikuwa na nguvu kweli kweli, ulikuwa na panga na simu na mganga na nabii, na nilimwona akitoka mikononi mwake akitembea kwa miguu yake. Mtu anayetaka muujiza mkubwa kuliko huo ana tamaa.

Alibatizwa katika lambo la ng'ombe nyuma ya shule ya msingi, mwisho wa mvua. Alilalamika kwamba maji yana matope. Kesho yake Kazungu akaitisha kikao cha ukoo.

Kikao kilifanywa Ijumaa alasiri uwanjani kwa Hawe mwenyewe, kwa sababu ufidhuli wao haukuwa na mpaka. Ukoo ulitaka jambo moja: Hawe ale kiraho, au ahame shamba. Kiraho ni kiapo cha mganga. Unalishwa kipande cha papai kilichosomewa maneno na kutiwa anachojua mganga. Mdomo ukivimba wewe ni mchawi, na ukikataa kula wewe ni mchawi pia. Mganga alikuwa ameshakuja, amevaa saa kubwa, na papai lake liko kwenye sahani ya plastiki. Sisi wa kanisani tulisimama kando ya ua. Siku ile asubuhi tulikuwa tumekwenda kwa mkubwa mmoja wa serikali kumwomba askari. Alitusikiliza akiangalia simu, kisha akashauri bibi apake piko tena, mambo yatulie.

Kazungu alisimama katikati akaicheza ile picha ya hemani, sauti juu. Watu wazima, wenye watoto na wajukuu, waliinama wote kusikiliza. Kache, mkewe, alikuwa ameketi nyuma ya wanawake wenzake, amempakata mtoto wao wa pili, akiangalia chini. Hawe alikaa kwenye kinu kilichopinduliwa, leso kichwani.

"Hawe, umejisikia mwenyewe," Kazungu alisema. "Si mimi niliyesema."

"Nimesikia. Huyo mama ana sauti mbaya. Hebu cheza tena."

Wachache walicheka kabla ya kujizuia. Kazungu hakucheza tena. Mzee aliyeongoza kikao, kichwa chake kinang'aa kwa weusi, alimwonya Hawe kwamba hili si jambo la mzaha. Hawe akamgeukia.

"Mzee mwenzangu, wewe na mimi tulichezeshwa ngoma mwaka mmoja. Nywele zako zina umri gani?"

Safari hii hawakujizuia. Mzee alijikuna shingo. Nilitamani kikao kiishie hapo, kwa kicheko, lakini mganga alisogeza sahani mbele na vicheko vikakatika.

Hawe alisimama. Akaifungua leso yake mwenyewe, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kinu. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa minazi na weupe wote ule ukaonekana mpaka kwa watu wa nyuma. Hakuna mwanamke wa umri wake aliyekuwa ameonekana hivyo kijijini tangu Gona azikwe.

"Siku ile nilisema ndiyo kwa sababu kichwa kilikuwa kinaniuma," alisema. "Leo hakiniumi. Siyo."

Alimwangalia mganga. "Na papai lako sili. Nimeshakula mezani kwa Bwana, na tumbo ninalo moja."

Kisha akamgeukia Kazungu, na sauti yake ikashuka. Alimwambia kwamba mtoto yule alimpenda, kwamba alimlilia, na kwamba amemsamehe ile leso. Alimwambia pia kwamba hahami. Mumewe yuko chini ya ule mkorosho na yeye atalala ubavuni mwake siku Mungu atakapotaka, na si siku Kazungu atakapotaka.

Kazungu alizima simu, akavaa miwani yake. "Haya," alisema. "Tutaonana." Akatia pikipiki moto akaondoka, na ukoo ukatawanyika mmoja mmoja bila kuagana. Mganga alibeba papai lake.

Tulimsihi Hawe aende kwenye nyumba moja ya Malindi wanakokimbilia wazee walioitwa wachawi. Alituuliza kama huko kuna makuti ya kusuka. Basi vijana wanne wa kanisa tulibaki uwanjani kwake mpaka kukacha. Sina la kusimulia kuhusu saa hizo, isipokuwa kwamba hakuja mtu, na kwamba ndani bibi alikoroma kwa raha ambayo ilitutia wivu.

Asubuhi Hawe alitoka kichwa wazi, akafagia uwanja, akatuuliza kama kazi ya vijana siku hizi ni kulala kwenye vumbi. Akaketi kusuka. Tulikuwa tunanawa uso nilipomwona Kache akija kutoka upande wa pili wa ua, mtungi wa plastiki mkononi, mtoto kiunoni. Hakukuja kwa kujificha. Alipita njia ya wazi, mbele ya wanawake waliokuwa wakienda kisimani, nao wakasimama na mitungi yao. Pikipiki ya Kazungu ilikuwa mlangoni pake. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama kando yake, kitambaa cha kufutia mkononi, anamtazama mkewe.

Kache alifika, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, hawe."

"Marahaba, mwanangu."

"Nishikie huyu nikateke maji. Jana hakulala, mafua yanamsumbua."

Akamtoa mtoto kiunoni, akamweka mapajani mwa Hawe, juu ya makuti. Hawe alibaki na mikono hewani, kama mtu aliyepewa kitu cha moto. Kisha akamshika. Akavuta ncha ya leso aliyojifunga kiunoni akampangusa kamasi, mtoto akageuza uso na kukasirika kama wafanyavyo watoto wote.

"Na uji amekunywa?" Hawe aliuliza.

"Bado," alisema Kache, ameshageuka anakwenda kisimani. "Ukiwa nao mpe."